Mrejesho: Kumalizia mishono bila ovaloki

Wadau, niliuliza namna ya kumalizia mishono ya ndani kwa cherehani ya kawaida, bila ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke), maana nimechoka na nguo mpya za mjini zinazofumuka kabla hata hazijapauka. Aliyenishauri nishone mara mbili, Mungu ambariki.

Iko hivi: vitambaa vinalazwa mgongo kwa mgongo, unashona sentimita 1 kutoka ukingoni, unapunguza ukingo ubaki milimita 3, unapiga pasi. Kisha unageuza, nyuso zitazamane, unashona tena kwa nusu sentimita. Nyuzi zote zinafungiwa ndani. Blauzi yangu ukiipindua huoni aibu! Pasi usiiruke, ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi na ya kubahatisha. Kwa jinzi njia hii haifai, mshono unakuwa mnene mno. Kwenye kwapa nimetumia utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari, kwa sababu kikikatwa hivyo kitambaa huvutika na kufuata mviringo.

Pamba mpya nilinunua Eastleigh, Nairobi, nikaifua kabla ya kukata, kwani hunywea. Lakini siri ni mashuka ya mitumba ya soko la Gikomba: mapana, na yameshafuliwa mpaka yakamaliza kunywea.

Mliosema mtumba uliokwisha kushonwa ni rahisi zaidi, kwa bei mko sahihi, sibishani. Ila haunikai mabegani.

Sasa nimefika kwenye kola ya shati. Anayejua kuzitoa ncha zikae kali bila kutoboa kitambaa, tafadhali aseme.