Naomba ushauri: nyumba ya bibi Mji Mkongwe Bagamoyo, tuibomoe au tuikarabati?

Habari za saa hizi wakuu. Tumerithi nyumba ya bibi hapa Bagamoyo, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mlango wa nakshi bado mzima, madalali hawaishi kuupigia bei.

Shida ni ukuta wa uchochoroni, umetoa tumbo. Binamu yangu aliupiga lipu ya saruji ati anauokoa. Chokaa iliyojengea ukuta inapumua, yaani inatoa unyevu, saruji inaufungia ndani. Masika yakaibandua pamoja na mawe yenyewe. Watoto wa madrasa wanapita hapo kila alasiri. Kwenye kikao cha mtaa majirani wamesema tubomoe, pajengwe vyoo na vibanda vya mama lishe. Kwa kweli wana haki.

Upande mwingine tunaambiwa tusiguse kitu bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, na mji umo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, tangu 2006. Sawa, ila orodha hainunui chokaa.

Nimewaza tubakize upande wa mbele na mlango, ua wa nyuma tuwape mama lishe. Kuna aliyewahi kupata kibali cha namna hiyo? Na fundi wa chokaa, si wa saruji, anapatikana wapi?