Nimeokota korongo mfu mwenye pete mguuni, kuna mtu anataka kuinunua. Nifanyeje?

Nyuki wa Iramba:
Habari za jioni wakuu. Niko Iramba, Singida. Jana nikienda kupalilia nimemkuta korongo chini ya nguzo ya umeme, wale weupe wenye mdomo mwekundu wanaokuja kwa makundi msimu wa mvua kula panzi na viwavi. Bawa moja limeungua. Mguuni, juu ya goti, ana pete pana ya plastiki nyeusi iliyoandikwa DEH, kisha herufi mbili na namba. Nimeukata mguu, nimeufunga kwenye rambo, nimeuficha darini.

Habari imeshasambaa. Baba mkubwa anasema nikaizike njia panda, huyo ndege katumwa. Jamaa wa mnadani kataja elfu hamsini, anadai ndani kuna mali. Naombeni ushauri.

Chuma Ulete:
Mkuu pokea hela ukimbie 😂

Mama Vifaranga:
Kwanza nawa mikono kwa sabuni, na huo mguu uwe mbali na banda la kuku. Mafua ya ndege si utani. Pili, nyama iko wapi? Sema ukweli.

Nyuki wa Iramba:
Nimemfukia, mama. Wallahi.

Mtu wa Tsavo:
Ndugu, hiyo si hirizi. DEH ni alama ya kituo cha kuvalisha ndege pete cha Hiddensee, Ujerumani. Korongo huvalishwa pete hiyo angali kinda kiotani, tena juu ya goti ili asomwe kwa darubini bila kukamatwa. Ni plastiki tupu.

Mimi nimewahi kusaidia kazi hii Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969 watafiti huvalisha ndege pete pale kila mwisho wa mwaka. Ukungu ukishuka usiku usio na mwezi, ndege wanaotoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za loji, wanaingia nyavuni. Unamtoa taratibu, pete, unapima bawa, unampima uzito, unamwachia. Kandege kanaenea kiganjani, na moyo unaudundia mkono kama simu inayotetemeka. Usiku wa kwanza niliogopa hata kufunga vidole.

Wewe piga picha pete, namba zote zisomeke. Andika tarehe, kijiji, na kwamba alikuwa chini ya nguzo ya umeme. Hilo usiliache, nyaya zinawaua sana. Jaza kwenye tovuti ya EURING, umoja wa vituo vya Ulaya vinavyovalisha ndege pete. Watakujibu alivalishwa wapi na ana umri gani. Hulipi kitu.

Jicho la Tatu:
Mnaamini haraka. Misri 2013 walimshika korongo mwenye mtambo mgongoni, Qena. Jasusi yule!

Mtu wa Tsavo:
Ulikuwa mtambo wa watafiti wa kufuatilia safari yake. Walipomwachia, akaishia kwenye sufuria ya watu huko Aswan.

Chuma Ulete:
Sasa kutoka Ujerumani alivukaje bahari?

Mtu wa Tsavo:
Haivuki, anaizunguka. Korongo huelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na baharini haipo. Hivyo anapita Uturuki, Israel, Sinai, anaufuata Nile hadi Sudan, ndipo anateremka huku kwetu.

Nyuki wa Iramba:
Asanteni. Fomu nimejaza, picha ndiyo inagoma kupanda, mtandao wa huku hadi nikapande kichuguuni. Baba mkubwa kaniuliza kama Wajerumani watakuja kuidai maiti. Na yule jamaa wa mnadani kapandisha dau, sasa ni laki.

Mama Vifaranga:
Hamisha huo mguu darini leo leo.