Mjadala: Mhariri ana haki ya kufuta Sheng kwenye riwaya ya makuzi?

Mwanzisha mada: Mwandishi chipukizi anapeleka mswada kwa mhariri wa kujitegemea. Mhusika mkuu ni kijana wa Nairobi, mazungumzo yamejaa Sheng, lugha ya mitaani ya vijana. Mswada unarudi ukiwa umesanifishwa wote. Nasema mhariri hana haki hiyo. Angeuliza kwanza: nani anasimulia, na akiwa na umri gani? Msimuliaji akiwa mtu mzima anayekumbuka utoto, masimulizi yawe sanifu na Sheng ibaki kwenye mazungumzo. Akisimulia angali na miaka 14, "aidha" na "ilhali" kila ukurasa zinamzeesha. Hilo ndilo la kurekebishwa.

Mhariri, Nairobi: Nakubali nusu. Chipukizi wengi huandika "mse" hapa, "msee" pale, kisha "mzee" kwa maana ileile, na msomaji hajui tena kama anayetajwa ni rika au baba mtu. Andaa jedwali la maamuzi: neno, tahajia iliyochaguliwa, wahusika wanaolitumia, ukurasa lilipoanzia. Kagua na wakati pia. Hadithi ya mwaka 2003 haiwezi kuwa na M-Pesa. Ilianza Kenya Machi 2007. Wala mtoto hawezi kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2024, maana wa mwisho ulifanywa 2023. Makosa ya aina hii huua imani ya msomaji haraka kuliko Sheng yoyote.

Mwalimu wa fasihi: Jamani, soko je? Kenya, vitabu vya shule ndivyo vinavyowaweka wachapishaji wengi mjini, na kitabu cha kiada au cha ziada lazima kipitishwe na KICD, taasisi ya kukuza mitaala. Mnamtetea kijana abaki na Sheng yake, halafu mswada ukae kabatini?

Mwanzisha mada: Mwalimu, hoja hiyo ina uzito, ila mahali pake ni kwenye makubaliano kabla ya kazi. Iandikwe wazi: kitabu ni cha shule au cha wasomaji wa kawaida? Kisha mhariri afanyie majaribio maneno 1,000 hadi 1,500, mabadiliko yote yakionekana, mwandishi akubali au akatae. Tazameni sentensi hii, kaka akimwambia mdogo wake: "Buda hana doo, wachana naye." Isanifishwe: "Baba hana pesa, usimsumbue." Maana ipo, lakini kaka aliyejifanya mgumu ili asilie ametoweka. Asiyejua Sheng ataelewa kama aya iliyotangulia imeonyesha karo haijalipwa. Faharasa ya kueleza maneno ya nini?

Mhariri, Dar es Salaam: Mnajadili maneno mapema mno. Uhariri wa muundo utangulie, kwa sababu kunyoosha lugha ya sura itakayokatwa ni kumlipisha chipukizi bure. Riwaya za makuzi mara nyingi huporomoka katikati: kijana anatendewa tu, hafanyi uamuzi wowote wenye gharama. Kwa asiyemudu uhariri wa kitabu kizima, hariri sura tatu za mwanzo kwa kina na umwandikie tathmini ya kurasa mbili hivi, aendelee mwenyewe kwa kufuata mfano. Halafu, tafadhali, mhariri wa Dar asigeuze "buda" kuwa "dingi" kwa sababu ndilo alilolizoea.

Mwalimu wa fasihi: Hapo kwenye makubaliano ya awali mmenishika. Lakini kwa kitabu cha shule bado nasimama palepale: Sheng ipunguzwe, na mwandishi mwenyewe ndiye aipunguze.