Mzee kaambiwa jicho litolewe, kuna aliyepitia hili?

Binti_Makambako:
Wakuu habarini. Baba yangu ana miaka 61, wiki mbili zilizopita jani la mahindi lilimchoma jichoni akiwa shamba, tukaona kitu kidogo, tukanunua matone duka la dawa, jirani nae akaleta maji ya majani sijui ya nini akatiwa. Haikufika wiki jicho limetuna utadhani linataka kutoka, kioo cheupe kama maziwa, usaha, homa, usiku halali ni kugumia tu. Sasa tupo hospitali ya rufaa, wamempiga sindano mbili ndani ya jicho na dripu juu, jana dokta kasema usaha umejaa ndani mpaka kwenye kuta za jicho, hata akimulikwa tochi haoni mwanga, litolewe. Mzee kagoma, anasema atazikwa na macho yake mawili. Hivi kweli hakuna namna? Na eti linaweza kuhamia la pili??

Fundi_Geti:
Pole sana dada. Mi la kushoto lilitolewa 2016, kipande cha chuma cha grenda. Nilikataa siku tatu, najuta hizo siku tatu maana yale maumivu sikutakii, nilipozinduka kwenye nusu kaputi nililala kama mtoto. Shida ipo mwanzoni, chai unamimina nje ya kikombe, bega la kushoto linagonga kila mlango. Baada ya kama miezi miwili nikawekewa la bandia, wateja wengi hata hawajui.

mzalendo_halisi:
Hao wanapenda kukata tu. Bibi yangu alipona kwa asali

Nesi_wa_Macho:
@mzalendo jicho la bibi yako halikua na usaha ndani, tusidanganyane. Binti, zile sindano mara nyingi ni vankomaisini na seftazidimu, dawa za kuua bakteria, ndio za kuokoa jicho, na majani ya mahindi huwa yanaingiza fangasi ambao hizo haziwagusi. Kama haoni hata mwanga hakuna uoni wa kuokoa tena, kinachookolewa ni mzee mwenyewe, usaha usisambae. Muulize dokta anatoa lipi, kuna kukomba vya ndani wakaacha ganda jeupe na misuli yake (hapo la bandia linachezacheza vizuri) na kuna kutoa tufe lote. Kuhamia, usaha hauruki kwenda jicho la pili, ila jicho likijeruhiwa mara chache sana kinga ya mwili inageuka kushambulia lile zima. Louis Braille wa Ufaransa, yule aliyebuni maandishi ya wasioona, alijichoma jicho moja ana miaka 3, kufika 5 haoni yote mawili, wengi wanahisi ndio hiyo. Halafu ile chupa ya matone mpelekee dokta aione, kama ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe ila inashusha kinga) fangasi walishangilia.

Binti_Makambako:
Asanteni. Dokta kasema watakomba vya ndani. Mzee kanyamaza weee akauliza kitu kimoja tu, je ataweza kulia msibani?

Nesi_wa_Macho:
Mwambie atalia, machozi yanatoka kwenye tezi ipo juu ya jicho, hiyo haiguswi.

Binti_Makambako:
Kasaini. Anaingia kesho saa mbili asubuhi. Chupa dokta kaisoma, ina steroidi kweli, akauliza nani kanunua nikaangalia chini maana ni mimi.