Laptopu za mtumba Dar: tuzipige Linux au BSD?

Wakuu, naleta hoja inayotugawa mafundi.

Toka Oktoba 14, 2025 Windows 10 imetoka kwenye msaada wa kawaida wa Microsoft. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Anayezunguka Kariakoo anajua laptopu tunazouziana pale: kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Kioo kizima, kibodi nzima, RAM unaweza kuongeza, halafu unaambiwa mashine imekwisha. Haijaisha. Ipigwe mfumo huria, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta ulio wazi na wa bure: Linux au BSD. Ugomvi ni upi kati ya hiyo miwili.

Mwenzangu anayefundisha vijana kompyuta pale Ubungo ameshikilia FreeBSD, mojawapo ya mifumo ya BSD. Anasema ndiyo yenye ukoo wa Unix, mfumo wa zamani, chimbuko lake Chuo Kikuu cha Berkeley, na kiini (sehemu inayoongoza vifaa vya mashine) pamoja na zana zake vinatunzwa na mradi mmoja. Linux ni kiini tu alichokianzisha Linus Torvalds 1991, kila distro (mkusanyiko wa Linux, kama Mint au Debian) inakivisha nguo zake. Ni kweli yote, sipingi hata neno. Lakini mwanafunzi wa Dar anaingia mtandaoni kwa hotspoti ya simu na bando la siku. Geto halina waya wa mtandao. Laptopu isiyoshika waifai anakuja kukurudishia kesho yake.

Na waifai ndipo mifumo hii inapoachana. Wahandisi wa Intel na AMD wenyewe huandika draiva (programu za kuendesha kadi na vifaa) na kuzipeleka kwenye kiini cha Linux, maana seva za wateja wao zinaendeshwa nacho. Upande wa BSD, watu wachache huzichukua na kuzihamishia kwao baadaye. Draiva za onyesho za Intel na AMD kwenye FreeBSD asili yake ni Linux. Kadi za waifai za Intel za miaka ya karibuni zilisubiri FreeBSD 14.3, Juni 2025, ndipo zikapata mwendo wa 802.11ac, kiwango kilichopitishwa 2013. Miaka zaidi ya kumi!

Mwaka jana nilikabidhiwa laptopu 12 za shule moja. Nilianza na FreeBSD kwa moyo mweupe. Waifai haikuonekana kabisa kwenye mashine 9. Nikachomeka flashi ya Linux Mint, zikashika 11. Walimu walikuwa wamesimama nyuma yangu wanasubiri. Siku ile ndiyo iliyonibadilisha.

Msimamo wangu: mezani Linux, chumba cha seva BSD. Netflix wanarusha video zao kwa seva za FreeBSD, kwa hiyo simdharau mtu. Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji, Ubungo

Mkuu, mimi ndiye uliyenitaja. Umesahau vitu viwili.

Kwanza, hotspoti si lazima waifai. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, FreeBSD inaiona simu ya Android kama kadi ya mtandao. OpenBSD, ndugu yake, vilevile. Vijana wangu wanafanya hivyo kila siku, na simu inachaji hapo hapo.

Pili, uhuru. Debian ilikuwa ngumu kwenye jambo hili, lakini 2022 wakapiga kura, na toleo la 12 la Juni 2023 likaja na femuwea (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kadi) ambazo kampuni hazitoi msimbo wake, zikiwemo ndani ya kisakinishi. Urahisi umeshinda kanuni. OpenBSD hawasaini mkataba wa siri na kampuni yoyote ili wapewe maelezo ya maunzi (vifaa vya kompyuta). Bluetooth yao ilipokuwa mbovu waliing'oa 2014 badala ya kuiacha inaning'inia. Programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, ya Kiswahili, ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004, iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa wazi. Tukizoea vilivyofungwa, kesho tutatafsiri nini?

Na kijana asiye na bando anafungua miongozo ya BSD ndani ya mashine, imekamilika, imeandikwa na waliotengeneza mfumo. Kwenye Linux nusu ya majibu unayatafuta mtandaoni.

Mchangiaji, Mwenge

Kaka zangu, mimi nina steshenari. Mteja anakuja na flashi ya NTFS au exFAT (miundo ya Windows ya kuhifadhi mafaili), anataka kuprinti barua ya kazi sasa hivi, daladala inamsubiri. Kiini cha Linux kinasoma zote mbili chenyewe. Na kampuni ya printa ikitoa draiva iliyofungwa, inatoa ya Windows, ya Mac, na ukibahatika ya Linux. Ya BSD sijawahi kuiona. Hayo ya kanuni mjadiliane, mimi foleni iko mlangoni.

Mleta mada

Mkuu wa Ubungo, la waya wa USB nimelikubali. Ningelijua, zile 9 nisingezihangaikia siku nzima. La miongozo pia umenishinda, na nitawafundisha vijana wangu kwa OpenBSD kwenye ThinkPad moja ya zamani.

La femuwea sikubali. OpenBSD nayo hushusha femuwea hizo hizo za Intel kwa amri ya fw_update, ila hazimo ndani ya kisakinishi, na kushusha kunataka intaneti. Femuwea ni ile ile iliyofungwa, kilichobadilika ni saa ya kuipokea.

Ushauri kwa anayekwenda Kariakoo: nenda na flashi ya Linux inayowaka bila kusakinisha. Kabla hujalipa, washa, andika amri ya lspci -nn (inaorodhesha kadi za mashine), piga picha namba ya kadi ya waifai. Ukinunua adapta ya USB usiamini jina la boksi: TP-Link TL-WN722N toleo la 1 lina chipu ya Atheros, la 2 na la 3 ni Realtek, na jina ni lile lile. Wekeni namba hizo hapa chini, pamoja na mfumo ulioshika na uliokataa.