Mswaki wa umeme wa duara, wa soniki au wa buku: upi unafika katikati ya meno?

kibuyu88: Wakuu habari za jioni. Juzi daktari wa meno kanikwangua ugaga, usoni mwa meno kasema pako poa ila katikati ya magego palijaa balaa, na mimi napiga mswaki asubuhi na usiku sikosi. Sasa nimeona miswaki ya umeme, kuna wa kichwa cha duara unaozungukazunguka na kuna wa soniki unatetemeka tu, upi unatoa uchafu wa katikati au nibaki na wangu wa buku?

mzee_wa_kiti: Laki na nusu ya mswaki si bora ununue mbuzi. Babu alitumia wa mti mpaka anazikwa meno yote yapo

shemeji_mkubwa: mzee mbuzi nae ana ugaga 😂😂

binti_wa_chumbageni: Mi nina wa duara mwaka wa pili nakupa nilichoona kwa macho yangu. Siku moja nilichukua rangi nyekundu ya keki, tone moja kwenye maji nikasukutua, utando wote wa uchafu kwenye meno ukawa mwekundu, nikapiga mswaki dakika mbili mpaka ukajizima wenyewe halafu tochi ya simu na kioo. Usoni na pembeni ya fizi peupeee, lakini kila jino linapogusana na mwenzie kimebaki kistari chekundu. Nikapitisha uzi wa meno ukatoka pinki. Kwahiyo umeme unasaidia ila pale nywele hazipenyi, hata uzunguke vipi.

dkt_mtarajiwa: Dada kamaliza. Mkuu, Cochrane, wale wanaopitia tafiti za afya kwa pamoja, mwaka 2014 walikusanya tafiti 56 wakakuta wa umeme unapunguza utando kuliko wa mkono kwa asilimia 11 ndani ya miezi 1 hadi 3, ikizidi miezi 3 ni asilimia 21, na fizi kuvimba ilishuka asilimia 6 kisha 11. Ushahidi mwingi ni wa huo wa duara. Ila usichanganye, hizo namba ni za mdomo kwa ujumla sio katikati peke yake. Soniki wanasema unasukuma mate na povu yapenye, maabara imeonekana kidogo lakini mdomoni usiutegemee huo tu. Katikati tumia uzi, au vile vibrashi vidogo vya waya kama meno yako yana nafasi, mapitio yao ya 2019 yalionyesha vibrashi huenda vinaushinda uzi japo ushahidi wenyewe sio mzito.

mzee_wa_kiti: na wa mti je

dkt_mtarajiwa: Wa mti unasafisha vizuri tu mzee wangu, usoni. Katikati nao hauingii, sawa na wenzie tu.

kibuyu88: Asanteni. Nimeenda duka la dawa kuulizia vibrashi nikapewa vijiti vya kuchokolea nyama 😅

binti_wa_chumbageni: Hahaa pole, muulize aliyekukwangua, wao hukupimia saizi kabisa. Kinatakiwa kibane kidogo tu, kikigoma usilazimishe shuka saizi. Siku za mwanzo fizi zitatoa damu usiogope ukaacha, ila wiki mbili zikipita bado inatoka rudi kwa daktari.

shemeji_mkubwa: na laki na nusu yako?

kibuyu88: Naangalia mbuzi kwanza