Kuuza nyumba mwenyewe bila dalali, Dar: nianzie wapi?

Mkazi_Tegeta: Wakuu, nauza nyumba yenye hati miliki. Dalali simtaki. Hatua zikoje, na kodi je?

Mpimaji: Anza na makaratasi, tangazo baadaye. Lipa yote kodi ya pango la ardhi (ile ya kila mwaka kwa serikali), maana ukiwa na deni uhamisho unakwama. Kisha mthamini aliyesajiliwa aithamini nyumba na ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ukitaja bei ndogo kwenye mkataba kukwepa kodi, ripoti hiyo itakuumbua.

Wakili_Mtaa: Una mwenzi? Ridhaa yake iwe ya maandishi. Nyumba ya familia ikiuzwa bila hiyo, mauzo yanaweza kubatilishwa mahakamani, na ndipo wengi wanapoumia. Mkataba uandikwe na kushuhudiwa na wakili, kisha zijazwe fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35.

Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida unayopata ukiuza, ni asilimia 10 ya faida hiyo, si ya bei yote. Kwa hiyo tafuta risiti za ununuzi, ujenzi na ukarabati. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, lakini andikeni kwenye mkataba nani analipa.

Mpimaji: Nyongeza: hati halisi usimpe mtu "akaikague". Mpe nakala, aombe upekuzi (kuangalia daftari la umiliki) kwa Msajili wa Hati. Pesa zipite benki, na funguo zitoke salio likishaingia.

Mkazi_Tegeta: Asanteni sana. Kesho naanza na pango.